Baiskeli Kuukuu na Adabu ya Mwuzaji

Mwenye kuuza kitu kipya huuza kazi ya kiwanda. Mwenye kuuza kitu kuukuu huuza, pamoja na kitu hicho, ushahidi wake mwenyewe. Kitu kipya kina dhamana ya mtengenezaji, kina karatasi na muhuri, na kikiharibika mnunuzi anajua mlango wa kubisha. Kitu kuukuu hakina mlango huo. Mtengenezaji wake pengine amekufa, kiwanda chake pengine kimefungwa, na habari zake za miaka hamsini au sitini zimo katika kichwa cha mtu mmoja, naye ndiye yule yule anayetaka fedha. Kwa sababu hiyo nasadiki ya kuwa biashara ya vitu vya kale ni mtihani wa tabia kabla ya kuwa mtihani wa akili. Napenda kuutazama mtihani huo katika baiskeli, kwa kuwa mimi ni mtu wa Shinyanga, na katika Usukuma baiskeli haikuwa chombo cha mchezo.

Nchi yetu ni tambarare na kavu, na vijiji vyake vimeachana. Mtu wa milimani huisukuma baiskeli zaidi ya kuipanda. Mtu wa nchi tambarare huihesabu kuwa miguu yake ya pili. Katika miaka ya 1950 pamba iliwapa wakulima wa Jimbo la Ziwa fedha taslimu, na sehemu ya fedha hizo ilinunua baiskeli. Zilikuja Raleigh na Humber kutoka Uingereza. Baadaye zilikuja Phoenix kutoka China, na nyingine kutoka India. Na katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967 tulipata Swala, zilizotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya umma ya NABICO. Baiskeli ilibeba pamba na maji, ilibeba mkaa na mahindi, ilibeba mgonjwa kwenda zahanati na mwalimu kwenda shule. Mjini Shinyanga ilibeba abiria kwa nauli, ikapewa jina la daladala kama kwamba ni gari, mpaka pikipiki zilipokuja kuinyang'anya wengi wa abiria wake. Mzee aliyekuwa na baiskeli nzuri aliifunga vitambaa katika usukani, akaipaka mafuta kila Jumamosi, na mtoto aliyeigusa bila ruhusa alijua malipo yake.

Siku hizi chombo hicho kimepata maisha ya pili. Kiwanda cha Raleigh cha mjini Nottingham kiliacha kuunda baiskeli mwaka 2002, na kitu kisichoundwa tena huanza kutafutwa. Wako watu Ulaya na Marekani wanaokusanya baiskeli za zamani kama wengine wakusanyavyo stempu na sarafu. Na katika miji ya Afrika Mashariki wako pia watu, wengi wao vijana, wanaozitafuta zile zenye breki za vyuma, kifuniko cha mnyororo, taa ya dinamo na kiti cha ngozi chenye springi. Hawa hawakutani uwanjani. Hukutana katika simu. Mwuzaji huweka picha na maelezo, hutaja siku na saa ya mwisho, na wanunuzi hupandishana bei hata saa ifike. Mnada wa namna hiyo ulipata umaarufu duniani kwa soko la eBay, lililoanzishwa California mwaka 1995, lakini sasa hauhitaji hata soko kubwa. Kikundi cha watu mia mbili wenye simu chatosha kuwa uwanja.

Yafaa tuanze na maneno, kwa kuwa maneno huhifadhi hekima ambayo watu huisahau. Mnada ni neno lililotokana na wito: kunadi ni kupaza sauti watu wasikie. Dalali ni neno lenye asili moja na dalili, na dalili ni ishara iongozayo mtu kwenye kweli. Basi katika shina la lugha, mnada ni jambo la wazi lisemwalo mbele ya wote, na dalali ni mwenye kuonyesha. Anayenong'ona si mnadi, na anayeficha si dalali, hata kama ana leseni mfukoni na nyundo mkononi. Tukilishika jambo hili, sehemu kubwa ya adabu ya kuuza imekwisha kufahamika.

Sasa tazama tofauti ya uwanja na simu. Katika minada ya ng'ombe ya Usukuma mnunuzi humzunguka mnyama, humtazama meno, humpapasa nundu, humwendesha hatua kumi aone kama anachechemea. Mwuzaji anaweza kusema atakavyo. Macho na mikono ya mnunuzi ndiyo mahakama. Katika mnada wa simu macho yamebaki nusu na mikono imekatwa. Picha haina uzito, haina mlio, wala haina upande wa nyuma mpaka mwenye picha apende kuuonyesha. Ufa ulio chini ya rangi hauonekani, gurudumu lililopinda laweza kupigwa picha likiwa limesimama, na mnyororo uliokwisha kazi hung'aa kama mpya ukipakwa mafuta. Watu wetu wana msemo wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mnada wa simu, kwa umbile lake, ni gunia. Haiwi kosa la mtu kwamba gunia lipo. Kosa ni kulifunga mdomo kwa makusudi. Palipokosekana mkono wa mnunuzi, ulimi wa mwuzaji ndio umewekwa mahali pake, na mkono wa mtu haukopeshwi kwa mwingine ili umpapase vibaya.

Nchi yetu imekwisha kulijua jambo hili katika mambo makubwa zaidi ya baiskeli. Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, walinung'unika kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Hawakuomba bei ya hisani wala sadaka. Waliomba uzito wa kweli. Wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuisimamia mizani, na katika juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani, vyama vya ushirika vilienea hata likaundwa mwaka 1955 shirikisho lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Bomani baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Watu husimulia historia hiyo kama habari ya siasa, nayo ni kweli. Lakini mwanzo wake ulikuwa swali dogo la adabu: je, jiwe la mizani lasema kweli? Mjukuu wa mkulima yule, anayeweka picha ya baiskeli ya babu yake katika simu, sasa yeye ndiye mwenye mizani. Itakuwa ajabu kama ataitumia kwa namna ile ile iliyomliza babu yake.

Mfano wa pili umo katika ardhi ya Kishapu. Mgodi wa almasi wa Mwadui, uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, ulitoa jiwe ghafi la rangi ya waridi lenye karati 32.32, likauzwa mwaka 2021 kwa dola za Marekani milioni 13.8. Jiwe hilo lilichongwa, likabaki karati 11.15, na mwezi wa Oktoba mwaka 2022 lilinadiwa Hong Kong na nyumba ya mnada ya Sotheby's kwa dola milioni 57.7. Watu wengi hushangazwa na tofauti ya bei, nami pia huishangaa. Lakini liko jambo jingine la kutazamwa. Waliopandishana bei kwa jiwe lile walishindana wakijua kitu kile kile: rangi yake, usafi wake na uzito wake vilikuwa vimeandikwa na maabara isiyokuwa na faida katika mauzo. Mshindani mmoja hakuwa na siri asiyokuwa nayo mwenziwe. Raleigh ya mwaka 1957 haina maabara. Mwuzaji wake ndiye maabara, ndiye mpimaji, ndiye mwandishi wa cheti. Naye, tofauti na maabara, ana faida katika jibu. Mzigo wake kwa hiyo ni mzito kupita wa tajiri wa Hong Kong, ijapokuwa fedha zake ni kidogo.

Mfano wa tatu ni wa Geita. Huko wachimbaji wadogo hutoa mawe katika duara, wakagawana kwa mifuko, na mwenye mfuko anaweza kuupeleka kwenye karasha usagwe, au kuuuza vile vile ulivyo kwa mtu anayekisia kilichomo. Mfuko mmoja waweza kumtajirisha mnunuzi na mwingine ukamwachia vumbi. Lakini hata katika biashara hiyo ya bahati, bahati ina mipaka yake. Kukisia dhahabu iliyomo katika jiwe ni kamari iliyokubaliwa na wote wawili, kwa sababu wote wawili hawajui. Kutia mawe matupu chini na mawe mazuri juu ni jambo jingine kabisa, kwa sababu mmoja anajua. Mwaka 2019 serikali ilifungua Geita soko la madini la kwanza nchini, ili dhahabu ipimwe na kuuzwa mbele ya macho ya watu, si gizani. Tofauti hiyo ya kutojua kwa wawili na kujua kwa mmoja ndiyo nataka msomaji aishike, maana ndiyo mpaka wa haki katika mnada wowote. Haki haimtaki mwuzaji ajue kila kitu. Yamtaka asijue peke yake.

Tukishika mpaka huo, wajibu wa mwuzaji wa baiskeli kuukuu waweza kuhesabika. Wa kwanza ni kutaja kasoro bila kuulizwa. Kuna wauzaji wanaojiona waaminifu kwa sababu hawajibu uongo; lakini hupanga maneno yao hata swali lisije. Uaminifu wa namna hiyo ni kama ukarimu wa mtu alaye gizani ili asimnyime mgeni. Kama fremu imechomelewa, na isemwe imechomelewa wapi. Kama rangi ni ya kupulizia ya juzi, isiitwe rangi ya kiwanda. Neno asili lina bei katika biashara hii, kwa hiyo linaibiwa mara nyingi. Baiskeli yenye fremu ya Raleigh, rimu za Phoenix, kiti cha India na usukani wa fundi wa Kahama ni baiskeli yenye heshima yake, na historia yake pengine ni nzuri kuliko ya ile isiyoguswa. Lakini asili moja haina. Katika zile zenye gea tatu za Sturmey-Archer, mwaka na mwezi wa kutengenezwa hugongwa katika kifuko cha gea cha gurudumu la nyuma, na wauzaji hupenda kuupiga picha mwaka huo. Ni dalili njema, lakini hushuhudia umri wa kifuko, haushuhudii umri wa fremu. Magurudumu hubadilishwa. Mwuzaji anayejua kwamba gurudumu lilitoka katika baiskeli nyingine, kisha akauonyesha mwaka ule na kunyamaza, hakusema uongo hata neno moja. Amedanganya kwa namba ya kweli.

Wajibu wa pili ni kueleza kitu kimetoka wapi. Baiskeli huibwa, na iliyoibwa husafiri upesi kuliko mwenyewe. Fremu ina namba. Namba hiyo ipigwe picha, na risiti ya kale kama ipo ionyeshwe, na kama haipo isemwe kuwa haipo. Katika mali ya urithi jambo hili lina upande mwingine. Baiskeli ya marehemu si ya mjukuu mwenye simu nzuri. Ni ya warithi wote, na kuinadi kabla ya kikao cha ukoo ni kuuza kwa mdomo kitu ambacho mkono haujakipata.

Wajibu wa tatu ni usafi wa bei. Mwuzaji ana haki ya kuweka bei ya chini asiyokubali kuivuka, na hakuna aibu katika hilo; aibu ni kuikana. Ana haki ya kuanza juu au kuanza chini. Hana haki ya kumweka rafiki yake, au simu yake ya pili, apandishe bei kama kwamba ni mnunuzi. Mchumi William Vickrey, katika makala aliyoitoa mwaka 1961, alieleza mnada ambao ndani yake mshindi ni mwenye bei kubwa kupita wote, lakini hulipa bei ya mtu wa pili. Katika mnada huo kila mtu hupata faida kwa kutaja thamani ya kweli moyoni mwake, maana hataadhibiwa kwa kusema kweli. Minada mingi ya mtandaoni hufanana na huo: mnunuzi huiambia mashine mwisho wa uwezo wake, nayo humpandishia kiasi cha kumshinda mwenziwe tu. Basi bei hufanywa na mtu wa pili. Mwuzaji akimtia mtu wa pili wa uongo, ameiba pale pale penye moyo wa mnada. Amegeuza ukweli wa mnunuzi kuwa silaha ya kumpigia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, yenye mizizi katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, inamkataza mwuzaji kujinadia au kumtuma mtu amnadie kama hakutangaza haki hiyo tangu mwanzo, na mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya hila. Mafundisho ya Uislamu yaliyakataza mapema zaidi, nayo huyaita najashi. Wala haukukatazwa mnada wenyewe, kwa kuwa Mtume mwenyewe husimuliwa kuwa aliwanadia watu kikombe na tandiko la mtu maskini. Na Wakristo wanasoma katika Mithali kwamba mizani ya udanganyifu ni chukizo. Mambo machache yamekubaliwa na bunge, msikiti na kanisa kwa pamoja kama hili.

Wajibu wa nne huanza baada ya nyundo kuanguka. Kwa sheria, mauzo ya mnada hutimia nyundo ianguakapo au kwa dalili nyingine ya desturi. Katika simu, saa ya mwisho ndiyo nyundo. Mwuzaji aliyeona bei haikumpendeza, kisha akaandika kwamba baiskeli imepata ajali usiku ule, amevunja ahadi na ameongeza uongo juu yake. Vile vile kufunga mzigo ni sehemu ya neno lake. Baiskeli ipakiwayo katika basi la Mwanza au la Dar es Salaam bila kufungwa kanyagio na bila kuviringishwa matigadi kwa magunia hufika imekunjika, na dinamo ya miaka sitini iliyovunjika njiani haina duka la kununulia nyingine. Bei imelipwa kwa kitu kizima. Si haki kupeleka vipande na salamu.

Nimeyaandika haya kwa urahisi, lakini si mepesi, nami nimeyaona yakipimwa katika jamaa yangu. Mjomba wangu mmoja, mkulima wa pamba na choroko, alifariki akaacha Raleigh nyeusi ambayo wilaya nzima iliijua. Warithi walikubaliana iuzwe, fedha zimsaidie mjane katika matibabu ya macho. Mjukuu wao, kijana mwerevu, alikwisha kupata kikundi cha wapenda baiskeli za kale, nami niliombwa kuandika maelezo kwa kuwa hudhaniwa kwamba aliyesoma anajua kupamba. Foku ya baiskeli ile ilikuwa imechomelewa zamani, na rangi imefunika alama. Kijana alitaka jambo hilo liachwe. Akamwambia bibi yake, "Mayu, tukilitaja hili hawatatoa kitu. Babu aliiendesha miaka yote hiyo na haikuvunjika." Yule mama alinyamaza kitambo, akasema, "Babu yako alijua, kwa hiyo kwenye mashimo alishuka. Huyu wa kuinunua nani atamwambia ashuke?"

Sijasoma katika kitabu chochote maelezo ya haki yaliyo mafupi kuliko hayo. Mume wake aliishi salama na kasoro ile kwa sababu ya elimu yake juu ya kasoro hiyo. Kuuza kasoro na kubakiza elimu ni kumwuzia mtu hatari na kumnyima kinga yake. Niliandika kwamba foku imechomelewa, upande gani, na kwamba haifai mzigo. Wanunuzi wawili waliokuwa wakishindana, mmoja alijitoa saa ile ile. Wa pili aliuliza maswali manne, akajibiwa, na baiskeli ikamwendea kwa shilingi 310,000. Kijana alipiga hesabu, akasema kwamba ukweli umetugharimu zaidi ya laki moja. Hesabu yake siwezi kuikanusha. Mjane alitibiwa jicho moja katika msimu ule, na la pili lilingoja mavuno.

Nataja mwisho huo kwa makusudi, kwa kuwa waandishi wa maadili hupenda kumlipa mwema kabla ya ukurasa kuisha, na msomaji mwenye akili huondoka akicheka. Uaminifu haukuahidiwa faida katika kila mauzo. Anayesema kwamba biashara ni ujanja anaweza kuonyesha fedha mkononi, na mwenye haki mara nyingi huonyesha mkono mtupu. Jibu langu kwake ni la namna mbili. La kwanza ni la wataalamu. George Akerlof alieleza mwaka 1970, akitumia mfano wa magari yaliyotumika, kwamba mahali ambapo mnunuzi hawezi kutenga kizuri na kibaya, hutoa bei ya wastani kwa vyote. Wenye vitu vizuri huona bei hiyo haiwatoshi, hujitoa, na wastani hushuka tena, hata soko hubaki na vibovu. Kwa kazi iliyoanza na makala hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Wazee wetu walilisema kwa samaki: mmoja akioza, wameoza wote. Basi ile laki moja aliyoihesabu kijana haikuchukuliwa na ukweli wetu peke yake. Sehemu yake ilichukuliwa na wauzaji waliotutangulia, ambao uongo wao ulimfundisha yule wa kwanza kukimbia asikiapo neno kuchomelewa, badala ya kuuliza kumechomelewaje. Mwongo hujilipa kutoka katika mfuko wa mwuzaji anayemfuata.

Jibu la pili ni la mke wa mjomba, nalo halihitaji Nobel. Haki anayostahili mnunuzi ni deni lake kwetu, na deni halilipwi kwa sababu lina faida. Hulipwa kwa sababu ni deni. Anayelipa madeni yake siku zenye faida tu si mlipaji, ni mfanyabiashara wa madeni. Iko pia sheria ya nchi: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka auzaye kwa njia ya mtandao atoe habari za kweli juu yake na bidhaa yake. Lakini nani atafungua kesi ya foku ya shilingi laki tatu kutoka Kishapu hata Dar es Salaam? Mahali ambapo sheria inafika imechoka, adabu ndiyo askari pekee aliyebaki zamu.

Haingekuwa insha ya haki kama ingemtazama mwuzaji peke yake. Mara nyingi katika nchi yetu mwenye kujua zaidi ni mnunuzi. Anatoka mjini, amesoma orodha za zamani, anajua kwamba kiti kile cha ngozi peke yake kina thamani kuliko baiskeli mpya. Anakuta mzee wa Bukombe anakitumia kiti hicho kufungia mlango wa banda. Mzee anataka shilingi elfu ishirini. Je, mnunuzi anaweza kulipa na kuondoka? Wako wasemao kwamba elimu yake ni jasho lake, naye ana haki ya kula jasho lake. Nakubali nusu. Aliyetembea vijiji kumi kutafuta, akasafisha, akahifadhi, anastahili faida, kama mchongaji wa almasi alivyostahili yake. Lakini mpaka ule ule tuliouweka kwa mwuzaji unasimama hapa pia: mmoja anajua, mwingine hajui, na ajuaye ananyamaza. Nadhani yampasa aseme angalau hili, "Mzee, kiti hiki kinatafutwa," kisha wapatane. Mzee atapandisha bei. Pengine atapandisha mno, kwa hofu ya kupunjwa, na mnunuzi ataondoka bila kiti. Hiyo ni gharama ya kuwa mwungwana, nayo si kubwa kuliko aliyoilipa mjane.

Methali yetu husema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Katika uwanja wa kale, palipokuwa na jua, meno ya ng'ombe na mikono ya watu, methali hiyo ilikuwa kweli. Katika mnada wa simu kizuri na kibaya vyote hutembezwa kwa picha moja, na hakuna kinachojiuza. Kinachouza ni neno la mtu. Vijana wa Shinyanga na Geita wanaoingia katika biashara hii wana mtaji wa vyuma vilivyoachwa na babu zao, na vyuma hivyo vitakwisha; hakuna kiwanda kitakachounda Raleigh nyingine ya mwaka 1957. Neno lao ndilo mtaji usiokwisha kwa kutumiwa, nao huanza kuhesabiwa katika mauzo ya kwanza, pale kijana anapokaa na simu mkononi mbele ya foku iliyochomelewa, hakuna amwonaye, naye anaamua ataandika nini.